Sura 200 na duke bado hajambusu mke wake: kosa la nani?

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka peke yangu, ya pili nikanyamaza manake na mimi yameshanikuta. Kwa kifupi unasema umesoma juzuu sita za mfululizo mmoja, duke wa kaskazini (duke ni cheo cha juu kabisa cha ukabaila, chini ya ukoo wa mfalme) na binti wa baroni aliyefilisika, baroni nacho ni cheo cha chini kabisa, ndoa ya mkataba, sura 200 na ushee, na mpaka ulipofika wameshikana mikono mara mbili, na moja kati ya hizo jamaa alikuwa hajitambui kwa homa. Kuacha huwezi, na hasira unazo. Unataka kujua tatizo ni wewe au ni kitabu. Alafu chini kabisa, kama mtu anayeona aibu, ukaongeza kwamba umeanza kuandika ya kwako, sura 62, busu la kwanza liko sura ya 60, na unauliza umewachelewesha kupita kiasi au la.

Mi kazi yangu ni kuhariri riwaya za mapenzi, miaka mingi sasa, na nje ya kazi nazisoma kama mlevi, kwa hiyo nitakujibu kwa vichwa vyote viwili, usishangae nikichanganya.

Si wewe. Hiyo hamu ya kufungua sura moja tu tena saa nane ya usiku ni halali yako na ina sababu. Ila kuna vitabu vinavyoitendea haki hiyo hamu na kuna vinavyokuchuna tu, na balaa ni kwamba sura 50 za mwanzo vinafanana kama mapacha.

Kwanza kinachovuta. Ukiandika mapenzi ya watu wawili wa leo, watu wazima, wana simu, hakuna anayewakataza, tatizo lako la kwanza kama mwandishi ni kwamba hakuna kinachowazuia. Wamependana, si waambiane? Inabidi utafute kizuizi, na vizuizi vya kutafutwa vinaonekana kwa mbali. Sasa waweke kwenye kasri. Ghafla vizuizi vimejaa mpaka unavikanyaga: cheo, ardhi, mrithi, mahari, jina la ukoo, deni la baba, shangazi mwenye mdomo, na watumishi wanaoona kila mlango unaofungwa na kila mshumaa unaozimwa. Huhitaji kubuni kitu, sheria yenyewe ndo adui. Na sheria ikiwa kali, kitu kidogo kinakuwa kikubwa, hapo ndo utamu wote ulipo. Kwenye adabu za Uingereza za enzi ya Regency, yaani 1811 mpaka 1820, ambako waandishi wa aina hii wengi ndo wanaazima magauni na madansi yao, kucheza na mtu yuleyule zaidi ya mara mbili usiku mmoja kulitosha kuanzisha maneno. Mara mbili! Sasa fikiria mwandishi anayejua kazi yake anakuletea dansi ya tatu. Hajaandika busu, hajaandika neno la mapenzi, kaandika tu kwamba jamaa kavuka ukumbi mzima, kila mtu anaona, kanyoosha mkono kwa mara ya tatu, na wewe msomaji umeshika mdomo. Glavu ikivuliwa kwenye kitabu cha namna hiyo ni habari ya kujadiliwa wiki nzima. Kumuita mtu jina lake bila cheo, mara moja tu, kwa bahati mbaya, ni sura nzima.

Ndo maana huwa naita haya mapenzi ya moto mdogo. Chungu kiko jikoni, moto upo, ila ni mdogo. Siyo kwamba jiko limezimwa. Hilo tutalirudia.

Jambo lingine ambalo watu hawalisemi sana: ule utaratibu haukuwa urembo, ulikuwa akili. Uingereza kabla ya 1857 talaka kamili, ile ya kukuruhusu kuoa au kuolewa tena, ilibidi ipitishwe na Bunge, kwa sheria ya peke yako, kwa hiyo ilikuwa ya matajiri wachache sana na karibu wote wanaume. Na mpaka sheria ya mali ya mwanamke aliyeolewa ya mwaka 1882, sehemu kubwa ya alichokuwa nacho mwanamke kiliingia mikononi mwa mume siku ileile ya harusi. Kwa hiyo binti anayechagua mume anachagua kwa mpigo bosi, mwenye nyumba na hakimu, na hakuna kurudi. Mtu kama huyo akichukua miezi minane kumchunguza mwanaume anavyoongea na mtunza farasi wake, tusimwite mwoga. Anafanya uchunguzi ambao maisha yake yote yanautegemea. Riwaya nzuri ya moto mdogo ni hiyo hasa, ni uchunguzi, na mapenzi ndo matokeo.

Naomba nitoe mfano mmoja wa kitabu, mmoja tu, manake unajibu swali lako la sura ya 60 moja kwa moja. Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813, ambayo nusu ya maduke wote wenye kisirani wa siku hizi ni wajukuu zake. Ina sura 61. Watu wanaikumbuka kama stori ya watu waliochelewa kuambiana. Kumbe mwanaume anatamka mapenzi na kuomba ndoa sura ya 34! Katikati kabisa! Anakataliwa, tena kwa maneno makali, na nusu nzima iliyobaki ya kitabu ni kila mmoja kubeba alichoambiwa siku ile na kubadilika nacho. Umeona ujanja? Msomaji hakufichwa kama wanapendana au la mpaka mwisho. Alipewa jibu katikati, likawa jibu baya, alafu swali likabadilika kutoka "je anampenda" kwenda "je, mtu huyu anaweza kuwa mtu wa kupendwa". Swali la kwanza linachosha haraka sana kwa sababu msomaji analijua tangu jalada. La pili unaweza kulila sura 30 bila kuchoka.

Sasa fantasia inaongeza nini? Kwa nini watu wasisome tu za historia? Mi nadhani ni kwa sababu mwandishi anakuwa ndo bunge. Anatunga sheria. Akitaka binti arithi, anarithi. Akitaka wanawake waende vitani, wanaenda. Na yule duke wa kaskazini, ambaye riwaya za mtandaoni za Korea zimemfanya kuwa aina ya mtu kabisa, mweusi wa nywele, baridi, ngome ya mawe, theluji, majitu mpakani, yule kapendwa kwa sababu moja ya kiufundi ambayo wengi wanaoiga hawaioni: ana kazi. Mpaka usipolindwa watu wanakufa. Kwa hiyo akipotea miezi mitatu ana sababu, akiwa hana maneno ana sababu, akihitaji mke wa mkataba mwenye akili ya kusimamia ngome ana sababu. Waigaji wanachukua theluji na nywele, wanaacha kazi. Wanabaki na mwanaume anayenuna tu ndani ya nyumba kubwa.

Vilevile zile za binti anayeamka ndani ya mwili wa mhusika mbaya wa riwaya aliyoisoma, zilizotoka Japani na Korea zikajaa kila mahali. Watu wanazicheka ila kwa moto mdogo ni mtambo mzuri sana, manake dada yule anajua kwamba kwenye kitabu cha asili huyu duke ndo atakayemuua. Kila wema anaofanyiwa anautilia shaka, na ana haki ya kuutilia shaka. Mwandishi kapewa bure sababu ya kuchelewesha sura 80, ila zikishafika hizo 80 na dada bado anaogopa wakati jamaa ameshamkingia upanga mara nne, hapo tunaongelea kitu kingine, tunaongelea uvivu.

Na hapa ndo tufike kwenye hasira yako.

Kuna kipimo kimoja ninachotumia kazini na nakupa bure. Simama popote kwenye kitabu ujiulize: leo, sura hii, nini kinawazuia hawa wawili? Lijibu kwa sentensi moja. Alafu rudi nyuma sura 20 ujiulize swali lilelile. Kama jibu limebadilika, hata kidogo, mwanzo ilikuwa "hamwamini", sasa ni "anamwamini ila anaogopa ukoo wake", basi chungu kinachemka, tulia usome. Kama jibu ni lilelile neno kwa neno, jiko limezimwa zamani na mtu anakupepea ili udhani kuna moto. Kuchelewa siyo ufundi. Ufundi ni kila tukio kugharimu kitu, mmoja wao atoe kitu ambacho hawezi kukirudisha: siri, heshima, nafasi, uongo aliokuwa anaishi nao. Mkono wa kwanza kushikwa akiwa na homa haugharimu kitu, hajui hata kama kashikwa, kesho yake hakuna kilichobadilika, kwa hiyo usingizi wako mwandishi kauiba bure.

Sababu ya uvivu huo mara nyingi ni pesa, tusizungushe. Hizi stori nyingi zinauzwa sura kwa sura, msomaji analipa kidogo kufungua inayofuata, na mwandishi akiwaoanisha mapema anaogopa wasomaji wataondoka. Siyo dhambi mpya. Charles Dickens, yule mwandishi Mwingereza, alianza kuuza riwaya kwa vipande vya kila mwezi mwaka 1836 na biashara ya kumwacha msomaji hewani ni ya zamani. Ila kipande cha mwezi kilikuwa na ukomo wake, ilijulikana stori ina vipande vingapi. Sura za mtandaoni hazina mwisho, unaweza kurefusha mpaka dunia iishe, na dalili ya kwanza ya mtu anayerefusha ni ile ya kutoelewana. Unaijua. Dada kapita mlangoni kasikia nusu ya sentensi, "sitampenda kamwe", akakimbia akilia, kumbe duke alikuwa anamuongelea binamu yake. Niliwahi kupewa mswada ambao binti amesikia nusu sentensi mlangoni mara tatu. Milango mitatu tofauti! Nikamwandikia mwandishi pembeni, huyu dada anahitaji kubisha hodi, siyo mume. Kutoelewana kunakoweza kuisha kwa maswali mawili hakustahili kuzidi sura mbili, labda kama kuna sababu ya kweli ya watu hao kutoweza kuulizana.

Kuna shimo lingine baya zaidi na hapa naomba usinione mkali. Ubaridi na ukatili vinachanganywa mno. Mwanaume asiyejua kusema ni jambo moja. Mwanaume anayemfungia mke chumbani, anayesoma barua zake, anayemdhalilisha mezani mbele ya wageni alafu sura ya 140 tunaambiwa alinyanyaswa utotoni na mama wa kambo ndo maana, huyo ni jambo lingine, na hakuna kiasi cha theluji kitakachomsafisha. Ukitaka kujua mwandishi anajua tofauti au la, angalia duke anavyowatendea watu wasioweza kumlipa wala kumdhuru. Mpishi. Mtoto wa mtumishi. Farasi mzee. Mtu baridi mwenye moyo, moyo wake utavuja kupitia hapo muda mrefu kabla hajajua kuongea na mkewe, na msomaji atauona kabla ya mke kuuona, na huo ndo utamu mwenyewe. Akiwa mkatili huko nako, funga kitabu.

Na fantasia ina mtego wake wa peke yake, ule wa kuandikiwa na miungu. Nafsi mbili zilizofungwa pamoja, alama zinawaka mkononi, wakikutana tu mioyo inajua. Mi siupingi kabisa, ila kwenye moto mdogo ni kama kumwaga maji jikoni, manake uchunguzi wote niliousema huko juu hauna kazi tena. Anamchunguza wa nini wakati ameshaandikiwa? Uchawi kwenye stori hizi ama unaongeza bei ya mapenzi ama unaifuta, hakuna katikati. Ngoja nikubunie wa kuongeza, uone tofauti. Tuseme kwenye dunia hiyo kiapo kwa bwana wa ngome kina nguvu ya kweli, aliyeapa hawezi kukataa anachoombwa na bwana wake, mwili wenyewe unatii. Na mke huapa siku ya harusi kama askari wanavyoapa. Sasa duke kaanza kumpenda mke wake. Hawezi kusema "kaa na mimi kidogo", manake ombi likitoka mdomoni mwake limeshakuwa amri, na hatajua milele kama alikaa kwa kupenda. Kwa hiyo ananyamaza. Anaonekana baridi. Mke anaona ananyamaziwa. Kila mmoja yuko sahihi, hakuna aliyesikiliza mlangoni, na ile tofauti ya nguvu kati yao ambayo vitabu vingi vinaifukia chini ya zulia imekuwa ndo stori yenyewe. Hapo ukinichelewesha sura 50 nakushukuru.

Mengine niyapitie haraka. Mwanamke mwingine, yule mchumba wa zamani mwenye nywele nzuri na roho mbaya, nimemchoka, mpe akili na mahitaji yake au mwache nyumbani. Vyeo jifunze: ukifuata mpangilio wa Uingereza duke yuko juu, alafu markisi, erli, vaikaunti, baroni mwisho, na cheo hakirithishwi kwa wosia kama kitanda, kina mstari wake. Ukitunga vyako ni sawa kabisa, ila ukishavitunga vishikilie, usije ukamfanya mtoto wa nje mrithi sura ya 90 kwa sababu umekwama na mhusika. (Maduke wa kweli Uingereza ya Regency hata 40 hawakufika. Kwenye riwaya wameshatosha kujaza uwanja wa mpira.) Na hao watumishi wasipotee. Nani anawasha moto, nani anafua hayo magauni, nani analima hiyo ardhi inayolipia dansi? Sikuombi uandike mapinduzi, nakuomba tu tusidhani chai inajileta. Isitoshe watumishi ndo macho ya nyumba, ukiwafuta umefuta hatari, na ukifuta hatari glavu inakuwa glavu tu.

Sasa ya kwako. Sura tatu ulizonitumia nimezisoma, una mkono, sikudanganyi. Ila busu la sura ya 60 kati ya 62 lina matatizo mawili. La kwanza, baada yake hakuna nafasi ya kuwaona wakiwa pamoja, na msomaji aliyesubiri sura 59 ana haki ya kukaa nao kidogo, awaone wakigombana kama watu wanaopendana, awaone kifungua kinywa, siyo ukurasa mmoja wa harusi na mtoto. La pili, kubwa zaidi, ni kwamba umeliweka busu kama zawadi ya mwisho wakati lingeweza kuwa tatizo. Libebe ulipeleke sura ya 35 hivi, na liharibu kitu. Hata kama si busu, iwe kauli, lakini kufika katikati mmoja wao awe ameshasema na ameshaumia.

Lingine ni lile daftari. Sura ya 4 binti yako, ambaye umemfanya mjuzi wa hesabu kwa sababu ndo aliyekuwa anaficha ufilisi wa baba yake, anaona daftari la madeni la ngome limefungwa kwenye kabati, duke anamkataza kuligusa. Nilikaa wima niliposoma pale. Alafu ukalisahau, kwenye muhtasari wako halionekani tena! Dada, hilo daftari ndo kitabu chako. Mwanaume mwenye kiburi kile, ukoo ule, deni lile, kumwonyesha mwanamke aliyeolewa kwa mkataba wa pesa kwamba pesa hazipo, ni uchi kuliko uchi wowote utakaouandika. Kwanza ampe ufunguo wa chumba, siyo wa kabati. Alafu mwezi upite, ampe ukurasa mmoja, wa mwaka mzuri. Binti aligundue kosa la kujumlisha alinyamazie, manake anajua maana ya kuficha. Alafu siku moja alikute kabati limeachwa wazi na daftari juu ya meza, na taa, na kiti cha pili kimesogezwa. Mi hapo sihitaji wagusane hata kidole na bado nitasoma mpaka asubuhi.

Busu la sura ya 35 liweke usiku ule wa kiti cha pili, na binti ndo aanze, siyo duke. Alafu kesho yake asubuhi alipe deni moja kwa mahari yake bila kumwambia, uone duke atakavyokasirika.